Chaki Niliyoipokea kwa Mikono Miwili

Meneja aliponinyooshea boksi la chaki, ningeweza kusema hapana. Tulikuwa wawili tu ofisini kwake, mlango umefungwa, mvua ya alasiri inapiga mabati ya kiwanda, na alikuwa ameniuliza kwa adabu. "Mzee, utanisaidia na hii?" Nikalipokea boksi lile kwa mikono miwili, jinsi tulivyofundishwa kupokea kitu kutoka kwa mkubwa, ingawa alikuwa rika la kifungua mimba wangu. Nikasema, "Sawa, bosi."

Nilikuwa supavaiza wa chumba cha kusaga majani katika kiwanda kimoja cha chai huku kwetu, kati ya Kericho na Bomet. Sitakitaja jina. Walio pale sasa hawana hatia ya yale ninayoandika. Nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja na kitu nistaafu, na mameneja watano walikuwa wamenipita juu ya kichwa tangu niingie pale kijana wa Form Four. Huyu wa sita ndiye wa kwanza kuniita ofisini, kunivutia kiti na kuniambia kwamba bila mimi hawezi. Nataka msomaji alijue hilo mapema. Sikuipokea chaki kwa kulazimishwa. Niliipokea kwa sababu nilifurahi kuombwa.

Naye hakuwa mtu mbaya. Shida yake ilikuwa ya kweli. Mashine zetu zilikuwa zinasimama ovyo, na majani ya mkulima hayangoji. Yakishanyauka lazima yasagwe, yakikaa yanashika joto na kuchacha. Siku nyingine malori yalipanga foleni hadi nje ya geti, madereva wamelala juu ya usukani, na simu za makao makuu zinalia ofisini. "Kitu kikiandikwa, watu hukiogopa," meneja aliniambia. Mpango wake ulikuwa ubao mweusi ukutani, mahali kila mtu anapopita akiingia kazini. Mashine ikisimama, niandike jina la aliyekuwa nayo na dakika zilizopotea. Ubao usomwe na wote wiki nzima, ufutwe Jumamosi.

"Na ile strungi ya asubuhi," akaongeza, "tuiondoe. Watu wanasimama na vikombe karibu na mashine, mashine zinazunguka bure. Kikombe hakifai kuonekana mle ndani."

Kuhusu usafi alikuwa sawa. Kuhusu hayo mengine nilijua amekosea, na nilijua hivyo nikiwa bado nimekaa kwenye kile kiti.

Strungi ni chai ya rangi, bila maziwa. Kwetu kiwandani lilikuwa pia jina la zile dakika kumi za kubadilisha shifti, saa kumi na mbili asubuhi. Hakuna meneja aliyezianzisha, wala mimi sikuzianzisha, nilizikuta. Kila mashine ilikuwa na kikombe chake cha bati. Anayetoka alikunywa nusu, akampa anayeingia nusu iliyobaki, na pamoja na kikombe alimpa neno: mashine imekeshaje, inalia wapi, nini umeiangalie. Ilikuwa mwiko kupokea kikombe bila neno. Hata waliogombana walipeana. Nimewaona majirani waliokuwa na kesi ya mpaka kwa chifu wakisimama pale, hawatazamani usoni, mmoja anasema, "Rola ya pili ina joto. Usiisukume." Mwingine anapokea, anakunywa, anaenda kazini.

Kulikuwa na mama mmoja kutoka upande wa Kisii aliyesimamia mkanda wa kupeleka majani. Wazazi wake walikuja huku kuchuma chai, naye akazaliwa katika nyumba za wafanyakazi. Huyo ndiye aliyekuwa redio yetu. Hakuna siku iliyopita bila yeye kumchokoza mtu. "Leo mkanda wangu umekohoa usiku mzima," angesema, "kama mzee fulani ambaye amekataa kuacha sigara." Tunacheka, na fundi anaenda kuangalia mkanda. Sikuiona kama kazi ya uongozi. Niliiona kama watu wanakunywa chai.

Mtu wa mashine ya kwanza alikuwa bakule wangu. Sisi Wakipsigis tunawaita hivyo wale tuliotahiriwa nao msimu mmoja. Mimi na yeye tulilala kibanda kimoja cha jando, tukatoka siku moja, tukavaa nguo mpya pamoja. Sheria za bakule hazijaandikwa popote ila kila mtu anazijua. Huli ukamnyima. Humsemi mbele ya watu. Akikosea, unamvuta kando, mbali na wanawake na vijana, unamwambia mkiwa wawili, naye anakuambia vivyo hivyo. Yeye aliacha shule darasa la saba, mimi nikaendelea. Nilipopandishwa cheo hakunionea wivu hata siku moja. Alikuwa akingoja tutoke nje ya geti, ananishika kiwiko na kuniambia, "Bakule, leo umeongea na yule fundi kama mbwa. Kesho mtafute." Nami kesho namtafuta. Kwa miaka yote ile hiyo ndiyo ilikuwa shule yangu ya kusimamia watu, na sikujua niko darasani.

Ubao ulipigiliwa misumari siku ya Jumatatu. Meneja aliwakusanya watu akawaeleza kwa upole, kisha akanigeukia. "Mzee wenu atakuwa anaandika." Macho yote yakanijia. Mama wa mkanda akauliza, "Na mzee akikosea, ataandikwa na nani?" Wachache wakacheka. Meneja akatabasamu akasema ni swali zuri, halafu hakulijibu. Mimi nilitazama viatu vyangu.

Siku tatu za kwanza niliandika majina ya vijana wawili. Siku ya nne mashine ya kwanza ikasimama. Nilipofika nilimkuta bakule ameizima mwenyewe, ameinama, sikio karibu na chuma, anasikiliza. "Inalia ndani," akasema. "Afadhali tuone kabla haijavunjika." Fundi akafungua, akakuta kweli kuna beringi imekwisha. Akabadilisha. Zilipita dakika kumi na nne. Bakule alikuwa ametuokoa na hasara ya siku nzima.

Meneja alikuwa amesimama kwenye ngazi ya chuma, anaangalia saa yake. Aliponiona akaelekeza kidole ubaoni, bila ukali, kama mtu anayekukumbusha mwavuli.

Nilienda nikaandika. Jina lake la kwanza, jina la baba yake, dakika kumi na nne. Wanawake wa mkanda walikuwa wanaona. Vijana waliozaliwa sisi tukiwa na watoto walikuwa wanaona. Ningeweza kuandika "beringi" badala ya jina. Ningeweza kwenda kwenye ngazi ile nikasema, bosi, huyu hapana. Niliandika kwa mwandiko wangu ule mzuri wa Form Four, herufi zimesimama sawa.

Shifti ilipoisha bakule alipita pale, akasimama mbele ya ubao, akasoma polepole, maana kusoma kwake kulikuwa kwa polepole. Nikasogea karibu.

"Mwandiko wako bado ni mzuri," akasema.

"Bakule, ni kazi tu."

"Naona." Akavaa kofia yake akatoka. Getini nilimngojea anishike kiwiko. Alipita upande ule mwingine wa barabara.

Baada ya wiki ile mashine ziliacha kusimama. Hiki ndicho kitu ambacho hata sasa kinanitia baridi nikikikumbuka. Ubao ulibaki mtupu. Meneja alipiga picha ubao mtupu akaituma makao makuu, akanipiga bega. "Umeona, mzee? Watu walikuwa wanacheza." Nami nikaanza kuamini, kwa sababu nilitaka kuamini. Lakini chumba kilikuwa kimebadilika. Asubuhi wanaotoka na wanaoingia walipishana mlangoni kama watu wasiojuana. Vikombe vya bati viliwekwa kwenye kabati ya stoo, vyote kumi na viwili, vikaanza kushika kutu. Nikiingia mahali watu wanaongea, mazungumzo yanakatika. Nikiuliza "Mambo ni sawa?" najibiwa "Ni sawa, mkubwa," kote, kutoka mashine ya kwanza hadi ya mwisho. Mama wa mkanda alikuwa ameacha kuchokoza watu. Siku moja nilijaribu kumfanyia mzaha mimi, nikamuuliza kama mkanda umeacha kukohoa. Akaniambia, "Mkanda uko sawa, mkubwa." Miaka yote alikuwa ananiita mzee wetu.

Nilisikia kitu. Siwezi kusema sikusikia. Mtu aliyekaa na mashine muda mrefu huisikia hata akiwa ofisini, na mashine ya kwanza ilikuwa inazunguka bila kupumua, saa nane mfululizo, jambo ambalo haikuwahi kufanya hata ilipokuwa mpya. Nilijiambia beringi mpya ni nzuri.

Kilichokuwa kinafanyika ni hiki. Rola za kusaga ni vyuma viwili vyenye meno, vinazungukiana, na majani yanapita katikati. Mbele yake kuna kizuizi cha chuma chenye swichi. Ukikifungua kutoa majani yaliyokwama, swichi inakata umeme na rola zinasimama, na mkono uliozoea unaingia bila kutazama. Swichi ile ilikuwa imelegea. Mashine ikitikisika kidogo, swichi inakata umeme yenyewe, mashine inasimama bila sababu, na jina la mtu linaenda ubaoni. Basi mtu fulani wa shifti ya usiku akaifunga swichi kwa kipande cha raba ya tyubu ili isikate tena. Mashine haikusimama tena. Haikusimama hata kizuizi kikifunguliwa.

Swichi mpya ni kitu cha kubadilisha asubuhi moja. Wakati wa strungi ingetajwa kabla kikombe hakijafika nusu.

Jumapili moja baada ya kanisa, bakule alikuja nyumbani. Hakuwa amekanyaga kwangu tangu ubao. Nilimwona akivuka kijito na kupanda kwa miguu katikati ya chai yangu, fimbo mkononi, koti la kanisani bado limefungwa vifungo. Nilidhani amekuja kunisema. Nilikuwa nimejiandaa kwa kusemwa muda mrefu, na badala ya kunyenyekea nilikuwa nimekasirika kabla hajafika.

Mama watoto alimkaribisha kwa furaha, akamwekea kiti, akatikisa kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha, akamjazia kikombe. Bakule akauliza habari za watoto. Akauliza ng'ombe. Akaeleza ya kwake mmoja aliyekuwa na shida ya kwato. Akasifu kabichi. Hivyo ndivyo mtu wa kwetu anavyokuja na neno zito. Analizunguka kwanza, anakupa nafasi ya kumwuliza, "Na wewe, bakule, kuna nini?" Ukimwuliza, analitoa. Nilijua. Mtoto wa miaka kumi huku anajua. Sikumwuliza.

Mwishowe akaweka kikombe chini. "Kuna kitu huko kazini," akaanza. "Hiyo mashine yangu..."

"Bakule, leo ni Jumapili," nikasema. "Kama ni mambo ya ubao, sitaki kuyasikia nyumbani kwangu. Njoo ofisini kesho kama wengine."

Mama watoto aliacha kusugua sufuria. Bakule alinitazama, si kwa hasira, ila kama mtu anayesoma polepole.

"Kama wengine," akasema.

"Sheria ni ya wote."

"Sawa." Akamaliza mursik yake, kwa sababu kuiacha ingekuwa dharau kwa mama watoto, akamshukuru yeye kwa jina la mtoto wetu wa kwanza, akashuka kwa miguu alikotoka.

"Huyo alikuwa na neno," mama watoto akaniambia.

"Atalileta kesho."

Alilileta kesho yake. Jumatatu alikuja hadi mlango wa ofisi yangu, kofia mkononi. Meneja alikuwa ndani pamoja na watu wawili wa makao makuu, wanaangalia picha za ubao mtupu. Bakule aliona wageni, aliona kwamba nimemwona, akangoja kidogo. Ningeweza kutoka nje, hatua nne tu. Nilimwinulia mkono, kumwambia subiri. Nilipotazama tena hakuwapo.

Alipotoka mlangoni kwangu, bakule alienda akaifungua ile raba kabla ya kushika chochote. Heri jina langu liandikwe, alimwambia mama wa mkanda, kuliko kufanya kazi na chuma kisichosimama. Lakini usiku wa kuamkia Jumanne raba ilikuwa imekatika, na mtu wa usiku akafunga swichi kwa waya mwembamba, kwa ndani, mahali pasipoonekana. Asubuhi walipishana mlangoni, yule anatoka, huyu anaingia. Bakule alitazama mahali pa raba, hakuona raba, akafikiri wamesikia maneno yake wakaacha. Yule wa usiku aliniambia baadaye kwamba alitaka kusema. Akaona watu wanapita kimya, naye akapita kimya.

Saa nne na dakika chache nilisikia sauti. Haikuwa kelele ya mtu. Ilikuwa rola zinazunguka na kitu kingine ndani yake, halafu mama wa mkanda akipiga chuma kwa chuma, ishara yetu ya zamani ya kuzima kila kitu. Nilikimbia. Kizuizi kilikuwa wazi. Fundi alikuwa amezima umeme mkuu na chumba chote kimenyamaza kama kanisa kabla ya ibada. Bakule alikuwa amekaa sakafuni, mgongo kwenye ukuta, mkono wa kulia umefungwa ndani ya leso ya yule mama, na leso inabadilika rangi. Nilipiga magoti.

"Bakule," nikasema.

Alikuwa anatazama mashine. "Kumbe hawakuacha," akasema, si kwangu, kwa yeyote.

Tulimpeleka hospitali ya Longisa kwa gari la meneja, meneja mwenyewe akiendesha, taa zimewashwa mchana. Madaktari walifanya walichoweza. Vidole vinne havikuweza kuokolewa. Kilibaki kidole gumba.

Kesho yake meneja aliniita. Uso wake ulikuwa umezeeka kwa siku moja. Alikuwa na karatasi iliyoandikwa tayari: mfanyakazi alifungua kizuizi na kuingiza mkono wakati mashine inazunguka. "Ni kweli, mzee?" Nikasoma mara mbili. Kila neno lilikuwa kweli. Nikatia sahihi. Hilo ni kosa langu la pili, na ninaliweka hapa ili mtu asije akafikiri nimelificha.

Siku ya Ijumaa wakubwa walikuja, watu wote wakakusanywa kantini. Karatasi ikasomwa. Ilipokwisha, mama wa mkanda akasimama bila kuombwa. Hakuwa anapiga kelele. Aliongea kama anavyoongea mtu anayehesabu watoto wake barabarani.

"Mimi nina swali kwa wenzangu, si kwa wakubwa. Aliyejua kwamba swichi ya mashine ya kwanza inafungwa, ainue mkono."

Akainua wake. Kwa muda ulikuwa mkono mmoja peke yake. Kisha wa fundi. Kisha wa mtu wa usiku, akilia bila sauti. Kisha vijana wale wawili wa siku za kwanza za ubao. Mikono ikaendelea kupanda, meza kwa meza, hadi wapishi walioleta chai, hadi askari wa geti aliyekuwa amesimama mlangoni. Watu zaidi ya thelathini. Nilitazama pande zote. Mikono iliyokuwa chini ilikuwa ya wageni, ya meneja na yangu.

Sikujua. Nilikuwa nalipwa ili nijue, na mle ndani nilikuwa sawa na mgeni aliyekuja asubuhi kwa gari.

Mama wa mkanda akanigeukia. "Mzee wetu," akasema, na kuniita hivyo siku hiyo kuliniuma kuliko tusi, "hakuna aliyekuja kukuambia?"

Hapo nilisimama. Nikasema alikuja mmoja. Alikuja kwangu Jumapili akanywa maziwa yangu, nami nikamkatiza kabla hajamaliza sentensi. Alikuja Jumatatu mlangoni, nikamwinulia mkono. Nikasema karatasi ile nimeitia sahihi na ni kweli, ila imeanzia mwisho. Inapaswa kuanzia kwenye chaki. Na chaki niliishika mimi.

Hakuna aliyepiga makofi. Watu walitazama meza. Meneja akainuka, akatoka kwenda chumba cha mashine, nasi tukasikia misumari inang'olewa. Alirudi na ubao kwapani, suruali yake ina vumbi la chaki, akauegemeza, uso wake ukitazama ukuta.

Wiki iliyofuata vikombe vilitolewa stoo, vikasuguliwa kwa mchanga. Strungi ilirudi, sasa nje ya mlango, chini ya paa la malori, mbali na mashine. Meneja alisimama pale kila asubuhi, naye akiwa na kikombe. Mwanzoni hakuna aliyeongea mbele yake. Siku ya tano au ya sita mama wa mkanda akasema mkanda wake umekohoa kama meneja anayekunywa strungi bila sukari. Meneja akawa wa kwanza kucheka. Swichi zote zilibadilishwa. Nasikia kiwanda kile sasa ni mahali pazuri pa kazi, na ninaamini, kwa sababu wanaofanya kazi pale wanakilalamikia kwa sauti.

Siku yangu ya kustaafu meneja alinisindikiza hadi getini. Akaniuliza kitu ambacho alikuwa amekibeba muda mrefu. "Mzee, siku ile nilipokupa chaki, ulikuwa unajua ni makosa?"

"Nilijua."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza. Na mimi sikutaka kukukatalia."

Akatikisa kichwa. "Ungenikatalia, ningesikia. Nilikuwa mgeni. Nilikuwa naogopa kuliko nyinyi wote."

Nilienda kumwomba bakule msamaha kama desturi inavyotaka. Nilichukua wazee wawili wa rika letu, nikavua kofia tangu kijitoni. Alitupokea vizuri. Mke wake alitupa chai. Wazee walisema maneno yanayosemwa, nami nikasema yangu bila kupunguza, pamoja na ile karatasi. Akasikiliza hadi mwisho. Kikombe alikuwa ameshika kwa mkono wa kushoto.

"Karatasi nilisomewa hospitali," akasema. "Ubao nilijisomea mwenyewe." Akaweka kikombe chini. "Nimekusamehe, bakule. Mungu ananisikia, na hawa wazee. Siwezi kubeba kitu kizito na mkono mmoja." Wazee walicheka kidogo, nami nikajaribu. Kisha akasema, "Ila mimi sitakuja kwako tena na neno. Nilikuja mara mbili."

Amelishika hilo. Binti yangu alipoposwa, kwenye koito, siku ambayo familia mbili hukaa kupatana, kiti cha kulia kwangu kilikuwa chake tangu mtoto azaliwe. Alimtuma mke wake na kibuyu cha mursik na salamu njema. Hakuja. Nikauza ng'ombe niliyepaswa kumweka, nikakosana na kijana wangu kwa maneno ambayo mtu angenivuta kando aniambie niyarudishe, nikampa mchungaji jibu la kiburi mbele ya kanisa. Hakuna aliyenishika kiwiko.

Nyumba yake naiona kutoka hapa ninapoandikia, ng'ambo ya kijito, moshi wa jikoni unatoka. Tukikutana njiani ananiinamishia kichwa, maana mkono wa kulia hauna cha kunipa na wa kushoto hausalimii mtu kwetu. Ananiuliza habari za watoto, anauliza ng'ombe, anasifu kabichi. Mimi nasubiri neno lenyewe lifuate. Halifuati. Anaenda zake.

Chaki ile ilimgharimu bakule vidole vinne vya mkono wa kulia. Mimi ilinigharimu mtu mmoja tu aliyekuwa akiniambia ukweli.